Flashi Tupu Katika Stoo ya Kahawa

Kama unatafuta kisa cha mwanamke mwenye kwato, umekosea mlango. Mimi hayo siyajui na siyataki. Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, mchana, akili timamu na chai tu tumboni, kwenye harusi moja upande wa Mugutha miaka ya tisini. Aliyeolewa siku hiyo yuko hai na watoto wake ni wakubwa. Negativu ninazo, ziko ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Bila hizo negativu hata mimi ningesema niliota.

Wakati huo nilikuwa na studio ndogo Makongeni, Thika. Chumba kimoja, pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na kiti cha kuzunguka. Siku za wiki nilipiga picha za kitambulisho, Jumamosi nilipiga harusi. Nilikuwa mkali, sikatai. Simama wima, usijikune, nani amekuambia ucheke. Watu wazima walikuwa wananiogopa kama mwalimu wa darasa la pili.

Sasa lazima nikupe siri ya kazi, na siitoi kwa kujivuna. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, basi. Na harusini kila shangazi, kila jirani, kila kijana aliyeazima tai anataka apigwe. Ukimkataa anakuharibia jina. Ukimpiga, filamu inaisha kabla keki haijakatwa. Lakini nyuma ya flashi kulikuwa na kitufe kidogo cha kujaribia. Ukikibonyeza, taa inawaka vizuri kabisa na kamera haijapiga kitu. Mtu anafurahi, anaenda zake. Sisi tuliita kupiga hewa, na usidhani nilikuwa peke yangu, karibu wote tulifanya. Akija kuuliza picha yake unamwambia iliungua wakati wa kuosha. Atajuaje?

Bibi harusi aliitwa Wambui, msichana aliyezaliwa kwenye mashamba ya kahawa huko huko. Alikuja studio wiki moja kabla, akakaa kwenye kile kiti bila kukizungusha.

"Fundi, hizi picha si zangu," akaniambia. "Ni za mama. Amelazwa hapa Thika, hawezi kuamka. Nataka aone kila kitu, hata sufuria za wali."

"Jumatatu zitakuwa tayari."

"Jumatatu isipite, tafadhali."

Aliisema taratibu, lakini nilielewa. Mgonjwa wake hakuwa na Jumatatu nyingi. Mimi mkali, ndiyo, lakini nina mama pia, yuko Kakamega, na ile tafadhali ilinikaa kichwani wiki nzima.

Jumamosi ikafika. Kanisani mambo yalienda sawa, filamu ya kwanza ikaisha vizuri. Sherehe ilikuwa ifanyike nje, chini ya turubai. Tulipofika tu, mvua ikashuka ile ya kuchapa, turubai zikalala chini na viti vikaanza kuelea. Nyapara wa shamba, mzee mpole, akafungua stoo ya zamani ya kahawa ili watu wajikinge. Kila mtu akaingia na sahani yake. Harusi ikahamia humo.

Ile stoo, bwana. Ukuta wa mawe meusi kwa vumbi la kahawa la miaka na miaka, mabati juu, mlango mmoja mwembamba, na dirisha sioni. Stima ilikuwa imepotea na mvua. Wakaleta karabai mbili, wakazitundika, moja ikaanza kukohoa moshi. Mpiga picha yeyote atakuambia hapo hakuna kazi. Ukuta mweusi unakula mwanga. Nikiwasha flashi, rinda la harusi linang'aa kama sabuni, nyuma giza totoro, na uso wa Wambui sijui uko wapi. Nilipiga filamu ya pili karibu yote nikijua ninachopiga: rinda jeupe limesimama gizani bila mtu. Betri nazo zilikuwa zimeanza kuchoka, nikawa nazipasha moto kwapani. Ilipoisha nikaweka filamu ya tatu. Nyingine sikuwa nayo.

Nilimfikiria yule mama kitandani, anapewa rundo la picha nyeusi, na binti yake amesimama pembeni anamweleza hapa ni keki, hapa ni mimi. Niliona aibu kabla hata ya kukosea.

Hapo ndipo mama mmoja akasimama karibu na kiwiko changu. Mwembamba, kitambaa kichwani, amevaa sweta ya kijani. Vifungo vya sweta vilikuwa vya kahawia isipokuwa kimoja cheupe, cha pili kutoka juu. Nyuma ya mkono wa kushoto alikuwa na pamba imebanwa kwa plasta. Niamini, sibuni. Kazi yangu ni kuangalia watu, na nilimwangalia. Nikafikiri ni jirani ametoka kudungwa sindano zahanati.

"Kazi iko aje, baba?" akaniuliza.

"Mbaya, mama. Giza."

"Nyuma ya yale magunia kuna dirisha la mbao. Tulikuwa tunatolea kahawa hapo. Mvua imekatika, na saa kumi jua linaingia lote."

Aliongea kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi. Nikamwita nyapara, nikaita vijana wanne, tukaanza kushusha magunia matupu yaliyopangwa hadi karibu na mabati. Nyapara alikuwa ananicheka. Kisha mbao zikaonekana, na komeo limeshika kutu. Wakaligonga kwa jiwe. Dirisha likafunguka, jua la baada ya mvua likaingia na kulala sakafuni hadi kwenye meza ya keki. Watu wakapiga vigelegele, hata karabai zikazimwa.

"Hiyo dirisha ulijua aje?" nyapara akaniuliza. "Mimi niko hapa miaka kumi na sijawahi kuiona."

"Yule mama ameniambia."

"Mama gani?"

Nikageuka, sikumwona. Watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa na jua la dakika chache, kwa hivyo sikujisumbua. Nikamvuta Wambui na bwana yake hadi pale kwenye mwanga, nikapiga. Nakwambia ukweli, sijawahi kupiga picha nzuri kama zile, kabla wala baada. Uso wa msichana ulitulia, kila uzi wa shela ukaonekana. Nikapiga keki, nikapiga wazee, nikapiga sufuria za wali kama nilivyoagizwa. Nikaangalia hesabu juu ya kamera. Zimebaki tano.

"Sasa nipige na mimi, baba. Moja tu."

Ni yeye, yule mama, amerudi. Wakati huo Wambui alikuwa amepiga magoti nyuma yake, analisha shangazi keki. Shangazi alikaa kwenye kiti cha mama mzazi ambaye hayupo.

"Nisimame hapa," mama akasema, akimwonyesha Wambui kwa kidevu, "yeye aonekane nyuma yangu."

"Nimwite aje mkae pamoja?"

"Usimwite. Ana shughuli."

Akanyoosha kola ya sweta. Akaweka mikono kando, akasimama wima kama watu wanavyosimama wakipigwa ya kitambulisho. Halafu akatabasamu, na mimi, na ukali wangu wote, sikumkataza. Niliinua kamera. Wote wawili walikuwa ndani, mama mbele na binti nyuma, na jua kwenye shavu la mama. Ilikuwa picha nzuri. Niliiona kabisa kwamba ni nzuri. Kisha nikafikiri, zimebaki tano, mjomba wa bwana harusi hajapigwa, na huyu ni mgeni tu kama wageni wengine. Nikabonyeza kile kitufe cha nyuma. Taa ikawaka.

"Imetoka?"

"Imetoka, mama."

"Asante. Mwambie anitunzie."

Nikamwambia sawa. Huwa tunasema sawa.

Mjomba nilimpiga tatu. Nikafika nyumbani jioni na picha mbili zimebaki, na filamu huitoi kabla haijaisha. Nikatoka nje, nikapiga ukuta wa nyumba yangu mara mbili ili iishe. Nikala, nikalala vizuri.

Jumatatu picha zilikuwa tayari. Wambui hakuja. Jumanne hakuja. Nikaanza kununa, maana nilikesha kwa ajili yake. Alikuja baada ya wiki mbili, peke yake, amefunga kitambaa cheusi.

"Mama alituacha, fundi. Ile Jumamosi yenyewe. Saa nane, wakati tulikuwa tunatoka kanisani. Habari zilitufikia jioni."

Nikampa pole. Nilisikitika kweli, nikamvutia kiti. Akaanza kupitia picha moja moja. Zile nyeusi akazipita haraka. Kwa sufuria akacheka kidogo. Alipofika kwa zile za dirishani akasimamisha mkono.

"Nyapara anasema mama fulani ndiye alikuonyesha hili dirisha. Alikuwa nani?"

Nikamwambia simjui. Mwembamba, kitambaa, sweta ya kijani yenye kifungo kimoja cheupe. Akaziweka picha juu ya meza.

"Hicho kifungo nilikishona mimi. Kile cha kahawia kilipotea. Alisema akipata nguvu atavaa hiyo sweta kwa harusi, nikaikunja nikaiweka kwa sanduku nyumbani. Tumemzika nayo."

"Mkono wake wa kushoto ulikuwa na pamba," nikasema. Sijui kwa nini nilisema.

"Ndiyo. Hapo ndipo walikuwa wanamwekea maji ya dripu." Akaongeza, "Alichambua kahawa kwa hiyo stoo kabla sijazaliwa."

Sitakudanganya, niliogopa. Lakini ningeomba mambo yaishie hapo, kwenye hofu. Hofu inapoa. Hayakuishia hapo.

"Ulimpiga?" Wambui akauliza, na uso wake ukafunguka kama siku ile dirishani. "Fundi, mama hakuwa na picha hata moja ya utu uzima. Kwa mazishi tulikuza ile ya kitambulisho, humo bado ni msichana, hata watu hawakumtambua. Ulimpiga?"

Ule uongo nilikuwa nao tayari mdomoni. Iliungua wakati wa kuosha, pole sana. Nimeusema mara mia. Siku hiyo ulikataa kutoka. Nikamwambia nilimpiga hewa. Hakuelewa, ikabidi nimweleze tena, nikachukua flashi nikamwonyesha kitufe.

"Filamu ilikuwa imeisha?"

"Haikuwa imeisha."

Akarudi kwa rundo, akafika mwisho, akainua zile mbili. "Na huu ni ukuta wa wapi?"

"Ni wa nyumba yangu. Nilikuwa namaliza filamu."

Hakulia, wala hakunitukana. Ningependa anitukane. Alizitazama zile picha za ukuta muda mrefu, kisha akaniuliza kama mama yake alikuwa anatabasamu. Nikamwambia ndiyo, alinyoosha kola, akatabasamu, akasema asante. Tena alisema nimwambie Wambui amtunzie.

Wambui akatoa leso, akazifunga zile mbili za ukuta kando, mbali na nyingine. "Basi nitamtunzia," akasema.

Usiku huo nilichukua bisibisi nikang'oa kile kitufe. Kutoka siku hiyo sijapiga hewa, na nimepiga harusi kutoka Ruiru hadi Kalimoni mpaka macho yakachoka. Kila filamu niliacha moja ya mwisho. Mtu yeyote akija, mzee, mlevi, mtu nisiyemjua, hiyo ni yake. Mara nyingi wenzangu walinicheka, na mimi sikuwaeleza. Huwa najiuliza kama angetokea kwenye picha. Pengine asingetokea. Pengine wangeona Wambui peke yake na nafasi mbele yake. Sitajua, na hilo ndilo hunitoa usingizi, si sweta.

Miaka kadhaa baadaye Wambui aliniita nimpige mtoto wake wa kwanza siku ya ubatizo. Nilishangaa kwamba aliniita mimi. Sebuleni, karibu na ile ya kitambulisho iliyokuzwa, alikuwa ametundika picha nyingine kwenye fremu nzuri ya kioo. Ilikuwa ukuta wangu. Bomba la maji, msumari wa kuanikia nguo, na kivuli changu chini kimeshika kamera. Mgeni mmoja akamuuliza hiyo ni picha ya nini.

"Ni ya mama," Wambui akasema, akaendelea kumimina chai.

Kwa hivyo nyinyi mlio na simu siku hizi, zisizoisha filamu, nawaambia kitu kimoja. Mtu usiyemjua akikuomba umpige picha, mpige. Usimuulize yeye ni nani, na usijifanye umempiga. Na kabla hujabonyeza, mwangalie mikono.