Betri Moja ya Gari na Nyumba

Asubuhi moja ya wiki iliyopita, hapa Ruangwa, niliingia kwenye gari nikiwa nimeshachelewa kazini. Nikazungusha ufunguo, gari likanijibu kwa sauti ndogo kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Nikarudia, likajibu vilevile. Taa za dashibodi zikafifia, zikazima. Nikalaza kichwa kwenye usukani, na hasira iliyonipanda, rafiki yangu, haikuwa ya asubuhi ile peke yake. Ilikuwa ya zamani.

Ngoja nikueleze kwanza. Gari langu ni lile dogo la Kijapani, la mtumba kama magari ya wengi wetu, na lilikuja na redio ambayo namba zake zinaishia tisini, wakati stesheni ninazozitaka ziko juu ya hapo. Kwa muda mrefu nimeendesha huku nikisikiliza mluzi, na nyuma ya mluzi watu wawili wanaongea kwa mbali kama waliotumbukia kisimani. Nikasema sasa basi. Nikalipeleka kwa fundi, akaing'oa ile redio, akaweka nyingine ya kioo, ya kugusa kwa kidole, na spika mpya milangoni, na boksi la besi kule nyuma kwenye buti. Siku ile nilizunguka mji mzima bila kuwa na ninapokwenda. Tangu siku ile gari haliwaki asubuhi. Nimerudi kwa fundi mpaka mama ntilie wa jirani yake akiniona tu ananivutia kiti. Kila nikienda fundi anafungua, anavuta waya huu, anaunga ule, anafunga, anasema tatizo limekwisha. Mara ya mwisho alinitazama kwa huruma akaniambia, "Dada, huo muziki bado mgeni. Gari litauzoea."

Nimelelewa na mtu aliyekuwa akisema maneno kama hayo. Alikuwa baba yangu.

Sisi ni wa Chiola, upande wa Nachingwea. Wakati ninakua hakukuwa na umeme kijijini. Kulikuwa na mikorosho, na ufuta, na vumbi la salfa, dawa ya mikorosho, ambalo watu walirudi nalo kutoka mashambani limewaganda kwenye nyusi, mpaka mwanamume akikukumbatia unapiga chafya. Mchana ulisikia mashine ya kusaga, jioni ulisikia michi. Na kutoka nyumbani kwetu, siku ambazo mambo yamekubali, ulisikia muziki.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu. Msimu wa korosho alibeba magunia ya watu kutoka mashambani hadi ghalani, na msimu ukiisha alibeba chochote kilicholipa na kisicholipa: mbao, mbuzi, maharusi, wagonjwa. Pikapu ilikuwa na betri moja, na betri hiyo hiyo ndiyo ilikuwa umeme wa nyumba yetu. Jioni baba aliifungua garini, akaibeba kwa mikono miwili kama kichanga, akaiweka pembeni ya kabati na kuiunganisha na redio kaseti yake. Asubuhi akairudisha. Ndivyo tulivyoishi. Nyumba ikiimba, gari limekufa. Gari likitembea, nyumba imenuna.

Kama baba angeridhika na ile redio kaseti, labda nisingekuwa na la kukusimulia. Ilikuwa nzuri. Sisi watoto tulikuwa na kazi zetu juu yake: kusafisha hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, kurudisha kanda nyuma kwa kalamu ili tusile betri, kuzianika kidogo zikipata unyevu wakati wa masika. Tulizifanya kazi hizo ukumbini, tumekalia mkeka, huku tunatafuna ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha, na ole wako ushike kanda na vidole vyenye mafuta ya korosho za kuchoma. Mimi nilizipenda kazi zile. Harufu ya spiriti ikinipitia puani hata leo, nahisi kanda inakaribia kuanza.

Lakini baba hakuwahi kusikia muziki. Alisikia kasoro. Wimbo ukipigwa, sisi tunacheza, yeye kakunja uso, sikio kalitega kwenye spika, anasema besi hakuna, au besi ipo lakini imelala. Kila msimu wa korosho ulipokwisha alikwenda Nachingwea mjini na kurudi na kitu. Mara spika kubwa iliyotoka kwenye baa iliyofungwa. Mara twita, vispika vidogo vya sauti nyembamba, ambavyo alivipachika juu ya mlango vikawa vinatulilia kama vifaranga. Na kila kilichoongezwa kiliharibu kingine. Spika mpya ilipokuja, redio ikawa inakoroma. Mkoromo ulipoondolewa na fundi, upande mmoja ukawa bubu. Mama alikuwa na msemo wake: fundi wa nyumba humaliza, fundi wa redio huanza.

Ile spika ya baa ilikuja haina boksi. Baba alisikia kwamba ukifunika mdomo wa mtungi kwa spika, besi inatoka ardhini. Akachukua mtungi wa bibi. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa akiweka maji ya kunywa kwenye mtungi ule tangu kabla baba hajaoa, maji yenye ubaridi na ladha ya udongo ambayo hakuna ndoo ya plastiki itakayokupa. Alirudi kutoka shambani na kiu yake, akakuta maji yamemiminwa kwenye sufuria na mtungi wake unanguruma sebuleni. Bibi hakuwa mtu wa makelele. Alikaa chini, akausikiliza mtungi mpaka wimbo ukaisha, kisha akamuuliza mwanawe kwa Kimwera kama na yeye akifa fuvu lake litafaa kwa hizo spika ndogo za juu ya mlango. Baba alicheka. Bibi hakucheka. Kwa muda mrefu tulikunywa maji ya vuguvugu.

Halafu ikaja amplifaya.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa kubwa. Korosho zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Baba alirudi kutoka mjini na boksi zito la chuma lenye vifundo vingi, na macho yake yaking'aa kuliko vifundo hivyo. Ilikuwa amplifaya ya gari. Ukiifunga kwenye betri, alitueleza, hata watu wa vijiji vya jirani watajua tumeamka. Na kweli walijua. Lakini chombo kile kilikunywa betri kama ng'ombe aliyevuka ukame. Jioni moja tu ya muziki, asubuhi pikapu haiwaki, na betri inapelekwa kwenye mashine ya kusaga kuchajiwa na injini yao. Mama alilalamika. Baba akasema betri bado haijaizoea amplifaya, itazoea.

Jirani yetu alikuwa anamtoa mwali. Binti yake alikuwa amemaliza siku zake za ndani, na siku ya kumtoa watu hula na kucheza mpaka miguu ivimbe. Jirani alikuja kumwomba baba muziki. Mama alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anachambua mbaazi, na alimsikia. Jirani alipoondoka, mama alimwambia baba jambo ambalo nililisikia kwa masikio yangu, kwa sababu nilikuwa nimekaa miguuni pake.

"Baba watoto, siku zangu zimefika. Tumbo hili halitasubiri betri ichajiwe."

Baba akamwambia asiwe na wasiwasi, atapiga nyimbo chache tu.

Alianza mchana, na jua lilipozama bado alikuwa anapiga. Siwezi kukudanganya, ilikuwa sherehe. Mwali alitoka amepakwa mafuta anang'aa, wanawake wakapiga vigelegele, vumbi likapanda mpaka kwenye majani ya mikorosho, na wanaume waliokunywa uraka, pombe ya mabibo, wa jirani wakawa wanaubusu mtungi wa bibi. Baba alisimama pembeni na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukunja uso. Alisema hii sasa ndiyo besi. Mama alikaa kidogo, akala wali wake, akaondoka mapema, mkono kiunoni.

Alfajiri uchungu ukamshika. Baba alikimbia na betri kwenye pikapu, akaifunga, akazungusha ufunguo. Kimya. Hata taa ya dashibodi haikuwaka. Akafungua tena vichwa vya betri, akavikwangua kwa kisu, akafunga, akazungusha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilimwona anaupiga usukani kwa ngumi.

Wanaume walewale waliocheza jana wakaitwa kusukuma. Walikuja na macho mekundu. Mama na bibi na mke wa jirani wakapandishwa nyuma, juu ya godoro, na gari likasukumwa. Barabara yetu ilikuwa mchanga mtupu, haina mteremko wa maana. Walisukuma, baba akaachia klachi, gari likajikwaa, likasimama. Wakasukuma tena. Sisi watoto tulikimbia nyuma, na mimi nilikuwa nalia, si kwa huzuni, kwa hasira, maana nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa kilichoinywa betri ile. Tulifika karibu na shamba la mwisho la mikorosho. Hapo bibi akapaza sauti, akawaambia waache kusukuma na wageuke wasitazame.

Mdogo wangu alizaliwa nyuma ya pikapu iliyokataa kuwaka, kanga zimeshikwa pande zote kama ukuta, watu wameupa mgongo, baba bado yuko kwenye usukani kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Mtoto alilia. Lakini damu ya mama haikukata. Nilimsikia bibi akimwita kwa jina lake la utotoni, anamwita tena, na mama anajibu kwa sauti inayozidi kupungua. Ilikuwa bahati yetu, wala si akili ya mtu, kwamba lori la magunia ya ufuta lilitokea likielekea mjini. Dereva hakuuliza swali. Wakawapandisha mama, mtoto na bibi kwenye kabini, wakaondoka. Baba alibaki barabarani na gari lake.

Mama alikaa hospitali Nachingwea siku nyingi, akaongezewa damu, akarudi amekonda na mtoto akiwa mzima. Baba alikuwa amefagia uwanja, amemwekea kiti kivulini. Amplifaya ilikuwa kabatini, imefunikwa kitambaa. Wageni walipokwisha kutoa pole na hongera, mama alizungumza naye mbele yetu, bila kupandisha sauti.

"Mimi sina ugomvi na muziki, baba watoto. Nina ugomvi na kupangwa nyuma yake."

 Wiki ile baba aliifunga amplifaya kwenye gunia, na spika zote pamoja na twita za mlangoni, akaja huku Ruangwa kuviuza kwa mtu aliyekuwa na kibanda cha video. Mtungi aliusugua kwa majivu akaurudisha kwa bibi, naye bibi akautazama ndani akasema utanuka muziki mpaka masika. Betri haikutoka tena kwenye pikapu. Baba aliitunza kama dawa ya mgonjwa.

Ungefikiri nilifurahi. Nilifurahi kwa mama. Lakini nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi, na nilimkasirikia baba mara mbili: kwanza kwa kuileta besi ile, kisha kwa kuiondoa. Baada ya muda alinunua redio ndogo ya betri kavu, zile ambazo zikichoka unaziweka juani zipate nguvu kidogo. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Ilibidi tuisogelee, tukae tumebanana kwenye mkeka, mama na mtoto mgongoni, bibi sikio limeegemea kwenye kisanduku. Bibi Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu, na taarifa ya habari ilimpita. Basi baba akawa anamtafsiria. Mtangazaji anasema, baba anafuatia kwa Kimwera, harakaharaka, na mahali pa mawaziri anaweka watu wa Chiola ili bibi aelewe nani kamkasirikia nani. Bibi alibishana na mtangazaji kupitia kwake. Mara nyingine alimshika baba kwamba ameongeza chumvi, na sote tukacheka mpaka tukakosa habari iliyofuata. Hakuna spika iliyowahi kuifanya nyumba yetu ijae namna ile.

Bibi alifariki kwanza. Baba alimfuata mwaka juzi. Mama anaishi na mdogo wangu Nachingwea, na nyumba ya Chiola imebaki na popo.

Fundi wangu hatimaye amempata mwenzake anayejua, nao wamegundua waya mmoja uliofungwa mahali ambapo umeme hauzimi hata ufunguo ukitoka. Sasa gari linawaka, na redio inasikika safi, kila herufi. Jumamosi nilikuwa nampeleka mwanangu kwa bibi yake Nachingwea. Alikuwa amekaa nyuma, waya masikioni, anasikiliza vitu vyake. Mtangazaji akasema mvua imesomba daraja. Sijui kilichonipata, nikamwambia mwanangu atoe zile waya, nikaanza kumtafsiria kwa Kimwera, kwa kasi, kama tulivyokuwa tukisikia sisi. Nikaanza vizuri. Mvua nikaipata. Daraja nikalipata. Nilipofika kwenye kusomba, neno halikuwepo. Mwanangu akasubiri kidogo, kwa heshima, kisha akarudisha waya zake masikioni. Nikazima redio, nikaendelea kulitafuta neno lile barabara nzima mpaka tukaingia Nachingwea, na halikuja.