Yatima wa Kuchagua

Juma lililopita niliingia sebuleni kwangu, hapa Ipuli, Tabora, nikamkuta mjukuu wangu wa kike, msichana wa chuo kikuu, anacheza gemu kwenye televisheni yangu. Kwenye kioo amesimama mwanamume ameshika mkuki.

"Huyo nani?" nikamuuliza.

"Bado sijaamua, babu. Gemu hii unamtungia mwenyewe maisha yake ya nyuma. Kazaliwa wapi, wazazi gani, nani kamuumiza. Nataka nimfanye yatima. Mayatima wanaanza na nguvu nyingi."

Nilitoka nje kabla sijavunja kitu.

Sikia, rafiki yangu. Mimi niliishia darasa la tatu, sitakuzungusha. Aliyetengeneza gemu hiyo hajawahi kuwa yatima. Mimi nimekuwa, tena kijijini Ntalikwa, kwa bibi yangu, na nguvu hizo sikugawiwa.

Nakumbuka msimu wa viazi vitamu. Bibi alivichemsha, akavimenya, akavikata, akavianika juu ya mwamba mpaka viwe matobolwa, magumu kama kwato. Kazi yangu kufukuza mbuzi na kunguru kutwa nzima. Jioni wanaume wa kitongoji walikula pamoja uwanjani, kila nyumba ikileta ugali wake, na kila mvulana amekaa kando ya goti la baba yake. Asiye na baba alikula jikoni na wanawake. Hakuna aliyenifukuza pale uwanjani. Hakuna aliyeniita pia.

Siku moja akapita mgeni, anafuata njia ile ya zamani ya misafara, wakamkaribisha chakula. Mimi nikampelekea maji ya kunawa.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikachagua. Nikasema baba yangu yuko Nzega, anachimba dhahabu, atarudi na baiskeli. Mgeni akanivuta nikae karibu yake, akanipa pande la nyama.

"Mbona naelekea huko huko! Nitamtafuta. Nimpe salamu gani?"

Jirani yetu mmoja, mtani wa ukoo wetu, akadakia: "Muulize hiyo baiskeli anaipandaje na udongo wote ule juu yake."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Na mtani hana kosa, hata msibani anasema atakalo. Ukikasirika, mjinga ni wewe. Ile nyama niliimeza bila kutafuna.

Bibi hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Asubuhi alinipa jembe, akanipeleka pembeni mwa shamba, kwenye kaburi la baba. "Palilia. Ukimaliza, mwambie mwenyewe kwamba yuko Nzega." Nilipalilia mpaka jua la utosi. Nilipomaliza nikaanza upya. Bibi alikuwa na msemo wake, kwamba wapagazi wa zamani walijipa majina mapya wakiwa safarini, mengine makubwa kuliko mizigo yao: "Njiani jiite utakavyo. Nyumbani unaitwa."

Jioni ile alibeba ugali na chungu cha mlenda akaenda uwanjani. Wanawake walikuwa wakiweka chakula na kuondoka. Yeye akasimama.

"Huyu ni mtoto wa marehemu mwanangu. Chungu hiki ni cha baba yake. Sogeeni."

Wakasogea. Wa kwanza kusogea alikuwa yule mtani.

Uwanja ule sasa ni fremu za maduka. Siku hizi kila mtu anakula na simu yake, na ukimuuliza kijana yeye ni mtoto wa nani, anadhani unataka kumshitaki. Watakujulia wapi watu hawa? Nilirudi ndani nikamfokea mjukuu wangu: "Mtu asiyekuwepo unamtungia baba, unamwamulia alivyokufa na alipozikwa. Baba yangu mimi hujui hata jina lake! Umewahi kuuliza?"

Akazima gemu. Nilitegemea atalia, hakulia.

"Sijawahi, babu. Basi nipeleke kesho. Nionyeshe kaburi lake, nikalipalilie."

Nikajifanya natafuta miwani.

Tabora nzima nimeiambia kwamba nilianza maisha na mikono mitupu, na watu wananisifu kwa hilo mpaka leo. Uongo. Nilianza na shamba la baba. Nililiuza lote, na aliyelinunua alilima mpaka pale pembeni nilipopalilia.