Mbwa Aliyeshuka Nanyala

Mama alinipigia simu kutoka Kondoa akaniambia nyumba ya marehemu baba inaliwa na mchwa, na miguu yake haimfikishi tena kisimani. Hakusema nirudi. Alisema tu kwamba siku nikija nikamkosa, funguo ziko kwa jirani. Mtoto gani angebaki Tunduma baada ya kusikia maneno hayo? Nikaacha kazi, nikaanza kufunga mizigo.

Nilikuwa dereva wa malori ya Kongo. Anayeijua kazi hiyo anajua: unaaga Jumatatu ukisema Ijumaa utarudi, kumbe foleni ya mpakani peke yake itakula wiki nzima. Mke wangu Halima na binti yetu Zainabu walibaki kwenye nyumba ya kupanga, karibu mno na mpaka, mahali ambapo ukimwaga maji kwa nguvu yanaangukia Zambia. Watu waliniuliza siogopi kuwaacha peke yao katika mji ule wenye kila aina ya mtu. Niliwajibu kwamba Komando yupo.

Komando alikuwa mbwa mwekundu, kifua kipana, sikio moja limekatika. Sisi Waislamu mbwa hatumwingizi ndani, lakini wa kulinda ua ameruhusiwa, na Komando kazi yake ilikuwa hiyo. Mchana alifungiwa bandani, usiku Halima alimfungulia azunguke ndani ya ua wetu wa minyaa. Kila nilipokuwa nyumbani, nikitoka alfajiri kwenda kuswali, nilimkuta amelala langoni hoi, ulimi nje, manyoya yamelowa umande. Nilimsifu hata mbele ya wageni. Nilisema wako walinzi wanaolipwa mshahara na wanakoroma, na huyu wangu anazunguka usiku kucha kwa makombo ya ugali. Hata nikiwa Lubumbashi, nimejilaza chini ya lori, nilipata usingizi mzuri kwa sababu yake.

Siku ya kupakia, jirani yetu Bibi Nambeye, mama mtu mzima wa Kinyamwanga, alikuja kutusaidia na kutuonya. Maonyo yote yalimhusu paka. Tulikuwa na paka mweupe, Pamba, kipenzi cha Halima. Bibi Nambeye alisema paka akiiona njia mmempoteza, maana atairudia hatua kwa hatua. Basi Pamba akatiwa ndani ya tenga, tenga likafunikwa kanga mbili, juu yake gunia, mpaka nikauliza kama tunahama naye au tunamzika. Kuhusu mbwa hakuna aliyesema neno. Komando nilimfunga kamba juu ya mizigo, kichwa kikiwa nje ya turubai ili apate hewa. Fikiria akili zetu: paka tulimficha njia, mbwa tukamwonesha yote.

Nilipokuwa nainua godoro letu, kitu kilianguka kikalia sakafuni. Lilikuwa panga, limeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, makali yake yanang'aa kama limenolewa jana. Lilikuwa upande wa mlangoni, upande anaolala Halima siku zote. Nikamuuliza ni la nini. Akasema la kukatia kuni. Nilicheka sana, kwa kuwa tangu tumeoana tumepikia mkaa, nikalitupa kwenye pipa la masufuria. Halima hakucheka. Alilitoa, akaliviringisha tena, akalitia kwenye mfuko wake wa nguo.

Asubuhi tuliondoka na Fuso ya rafiki yangu Simbeye, mtu wa Ndalambo, dereva mwenzangu tangu ujana. Halima, Zainabu na tenga la Pamba walikaa mbele na Simbeye. Mimi nilipanda juu ya mizigo na mbwa. Nilidhani atalia au atabweka. Hakufanya lolote. Mpemba, Vwawa, Mlowo, kote huko alikaa kimya ameielekea njia tuliyotoka, akitazama kila kona inavyopita. Mashamba ya kahawa yalikuwa yamechanua, harufu yake tamu, nikajisemea kwamba mnyama naye anafurahia matembezi.

Nanyala tairi la nyuma lilipasuka. Simbeye akaingia chini na jeki, Halima akashuka kununua parachichi kwa mama mmoja aliyekuwa amezipanga kando ya barabara, nami nikamfungua Komando ajisaidie. Akajisaidia. Akanusa lami. Kisha akageuka, akaanza kurudi upande wa Tunduma. Hakukimbia. Alitembea kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu jikoni.

Nilimwita. Alisimama, akanitazama, tena kwa adabu, halafu akaendelea. Ndipo nikaanza kukimbia, na yeye naye akakimbia. Mguu wa dereva aliyekaa miaka yote kwenye usukani haumfikii mbwa. Akakata kulia akaingia kwenye kahawa, nami nikabaki barabarani nimeshika kamba isiyo na kitu. Sikuamini. Mbwa niliyemlea tangu hajafungua macho ananiacha mchana kweupe, mbele ya familia yangu?

Tulimtafuta mpaka jua likapita utosini. Nikamwambia yule mama wa parachichi kwamba mbwa wangu amechanganyikiwa, atapotelea porini. Akatikisa kichwa.

"Hapana, baba," alisema. "Aliyechanganyikiwa anazunguka. Huyu amenyoosha. Huyu anakwenda kwake."

Nikakasirika. Kwake ni wapi, kama si kwangu? Lakini Kondoa tulikuwa tunasubiriwa, na Simbeye alitaka kuvuka Mbeya kabla ya jioni. Nikamwambia Zainabu apande, nitarudi kumchukua Komando. Mtoto alikuwa na miaka tisa, na machozi yalikuwa yamemchora mistari kwenye vumbi la mashavu.

"Baba, wewe ukisema utarudi huwa unakaa," alisema.

Halima alitazama pembeni. Mimi nikapanda juu ya mizigo, peke yangu safari hii, na kutoka hapo mpaka Makambako sikumbuki nilichokiona.

Iringa tulilala. Mtera vumbi lilitula mpaka tukafanana wote. Kondoa tulifika siku iliyofuata, mama amekaa mlangoni na fimbo yake, akalia, akacheka, akauliza kwa nini mjukuu wake amekonda. Tulipofunua tenga, tulimshika Pamba miguu yote asitoroke. Paka akajinyoosha, akapiga miayo, akaenda moja kwa moja kulala kwenye mkeka wa mama. Hajauacha mpaka leo. Nilimtazama kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu mambo.

Kondoa usiku fisi hulia milimani. Mimi nimezaliwa nikiwasikia, lakini Zainabu kila wakilia alikuja chumbani kwetu kuuliza nani atatulinda sasa. Kila jioni aliweka makombo ya ugali nje, kwenye bakuli la Komando, na kila asubuhi kuku waliyala. Chakula chake mwenyewe alikigusa tu. Mama akaniambia nisipomleta huyo mbwa nitakuwa nimemleta mjukuu nusu. Kwa hiyo nikapanda basi kurudi Tunduma, na mkobani nina mnyororo mpya.

Tunduma niliingia mchana, malori yamejipanga kama kawaida. Nilikwenda kwa Bibi Nambeye. Alinikaribisha ndani, akanipa chai, akauliza hali ya paka kwanza. Kisha nikamwambia kilichonileta. Akasema mbwa alifika siku nyingi, miguu imechanika, akapita hapo mtaani bila hata kusimama.

"Akapita kwenda wapi?" niliuliza.

"Si kwenu. Nakonde." Alinitazama vizuri. "Baba Zainabu, kwani hujui? Huyu mbwa usiku si analala Zambia?"

Niliweka kikombe chini. Nilidhani anatania. Akasema mtaa mzima unajua: akishafunguliwa tu, kabla hata taa hazijazimwa, anapenya chini ya minyaa, anavuka pale kwenye jiwe la mpaka, na alfajiri anarudi. Nikauona tena ule umande na ule ulimi nje. Kumbe mwenzenu nilikuwa namsifu msafiri! Usilolijua ni kama usiku wa giza, na mimi nilikuwa nimekaa katika giza hilo nikijigamba.

Nakonde tulivuka kwa miguu, kwa njia wanayopita kina mama wa sokoni. Bibi Nambeye alinifikisha kwa mjane mmoja muuza dagaa aitwaye Bana Mulenga, yaani Mama Mulenga kwa heshima ya kwao. Komando alikuwa amelala chini ya meza yake ya dagaa, mbele ya nyumba. Aliponiona aliinuka, akanijia mkia ukicheza, akasugua kichwa kwenye goti langu mpaka moyo ukanilainika. Halafu akarudi palepale chini ya meza.

"Mwaiseni, mukwai," yule mama alinikaribisha kwa Kibemba, kisha akaingia kwenye Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe ndiye mwenye Kapokola?"

Kapokola ni polisi. Mbwa wangu alikuwa na jina lingine, na cheo!

Alinipa kigoda akanisimulia. Mumewe alipofariki, wezi walimzoea. Walivunja ukuta, wakachukua mbuzi, mara ya pili wakaingia mpaka alipolala. Hana mtoto aliye karibu. Alikaa macho usiku, mchana akisinzia juu ya dagaa zake. Kisha usiku mmoja akasikia kitu kimejilaza mlangoni kwa nje, kinapumua. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa mlango wake. Alfajiri mbwa alikuwa akiondoka, na yeye hakumfuata wala kumuuliza mtu.

"Nilijua mchana ana kazi kwa watu," alisema.

Nikashindwa nicheke au nilie. Nikamwambia zamu ya usiku ndiyo niliyompa mimi. Akashika mdomo. Kisha akaenda ndani akatoka na kamba, akapiga magoti kama wanavyofanya wanawake wa kule kumpa mtu kitu, akaniwekea mikononi.

"Ni wako, tata," alisema, yaani baba. " Mchukue. Nimemtia mafuta miguuni, imepona."

Nilimfunga Komando mnyororo wangu mpya. Hakukataa. Alisimama kando yangu akisubiri, na ningeweza kuondoka naye saa ileile. Akilini nilimwona Zainabu amebeba bakuli lake. Lakini kuna neno lilinitoka kabla sijalipima. Nilimuuliza yule mama usiku huu atafanyaje.

"Nitakaa macho," alisema, kama mtu anayesema atapika ugali. "Mwanamke peke yake analala mchana."

Sijui kwa nini jibu lile lilinishtua kuliko mengine yote. Nilisimama pale nimeshika mnyororo, watu wa sokoni wakitupita. Kisha nikaufungua. Nilimshika Komando kichwa, mikono yote miwili, bila kujali udhu, nikamwachia. Mnyororo nikampa Bibi Nambeye afungie mbuzi.

Kondoa nilirudi na mikono mitupu. Zainabu alinikimbilia mpaka barabarani, akatazama nyuma yangu, akatazama ndani ya basi. Sikutaka kumdanganya. Jioni, Halima akichagua mchele kwenye ungo na mama akisikiliza, nilimsimulia yote: jiwe la mpaka, mjane, dagaa, Kapokola. Nilitegemea kilio. Mtoto hakulia. Alikunja uso, akafikiri.

"Baba," alisema, "kama usiku Komando alikuwa Zambia, na wewe ulikuwa Kongo, sisi nani alikuwa anatulinda?"

Nilimtazama mama, mama akatazama ungo. Halima hakuinua kichwa. Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Mimi," alisema.

Ndipo nikaliona lile panga nililolicheka, na makali yake, na upande wa mlangoni. Nikamuuliza kama alijua mbwa hayupo. Alijua tangu mwanzo, alisema, si ndiye aliyekuwa akimfungulia? Alikuwa akimwona anavyopenya, kisha yeye anafunga komeo na kukaa kitandani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata siku moja.

"Wewe ulikuwa unaendesha lori," alisema. "Ulipata usingizi kwa sababu ya mbwa. Nikuondolee huo usingizi, niletewe maiti?"

Mama aliinuka na fimbo yake akaingia ndani, akimshika Zainabu mkono. Mimi nilibaki barazani na mke wangu, nimeduwaa, na nadhani bado nimeduwaa. Nilikuwa nimefika Lubumbashi na kurudi mara ambazo sizihesabu, nikajiona mtu aliyetembea na kuona mengi, na jambo kubwa kuliko yote lilikuwa chini ya godoro langu mwenyewe.

Usiku ule nilimwomba Halima ahamie upande wa ukutani, nikalala mimi mlangoni. Alihama bila ubishi. Ndivyo tunavyolala mpaka sasa. Ila fisi akilia, au mlango ukigongwa na upepo, nikifumbua macho namkuta yeye ameshakaa kitandani, anasikiliza.