Kopo Lenye Picha ya Mtoto wa Kizungu

Jana sokoni nilinusa unga wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, nikacheka peke yangu.

Miaka ile maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje, na mimi, msichana wa darasa la saba, nikatangaza kwamba michembe ni chakula cha kishamba. Nikawa naenda shule na njaa. Siku niliyoanguka mstarini, mama hakunigombeza. Kesho yake alfajiri alinipikia uji mzito wa maziwa, unga akiuchota kwenye kopo lenye picha ya mtoto wa Kizungu.

"Mayu, huu ni wa dukani?" nilimuuliza mama.

"Kunywa, utachelewa."

Nikawa nakunywa vikombe viwili kila asubuhi, na shuleni nalisifia kopo. Nilipokuwa wa kwanza kwenye mbio za shule, nilirudi nyumbani nikalinyanyua kopo mbele ya shangazi zangu wote.

"Hili ndilo limenishindisha."

Mama alinishika mkono hadi nyuma ya nyumba, kwenye kinu kilichojaa unga wa michembe, akakipiga kofi.

"Duka lenyewe hili hapa. Kesho unatwanga wewe."