Hatua Ishirini na Mbili

Siku tatu nzima Koleo alikuwa amefunga mdomo kuhusu kazi. Kwa mtu aliyefanya kazi ya kuyeyusha na kumimina chuma miaka thelathini na mmoja, kunyamaza siku tatu mbele ya mgeni wa kazi ni dhambi. Alilijua hilo, na bado alinyamaza.

Zamani, katika karakana yao, mgeni hakugusa moto kabla ya miezi mitatu. Alibebeshwa chungu cha kubebea chuma kilichoyeyuka, ila kimejazwa maji, yeye na fundi, mmoja mbele, mwingine nyuma, wakishika vyuma vya kubebea, kutoka tanuri mpaka kwenye kalibu za mchanga zinazomiminiwa chuma. Hatua ishirini na mbili kwenda, ishirini na mbili kurudi. Akimwaga analowa viatu, watu wanamcheka, anajaza tena. Hakuna aliyemwandikia kosa. Fundi alimwonyesha pa kuvuta pumzi na namna ya kukanyaga, na jioni akamwuliza habari za nyumbani kwake. Koleo mwenyewe alilowa viatu hivyo hivyo, mpaka mama yake akauliza kama ameajiriwa karakana au mtoni.

Kisha akaja msimamizi mpya mwenye kalamu mbili mfukoni, akasema maji ni kupoteza muda. Siku hizi mgeni hukalishwa chumbani, huonyeshwa picha ukutani siku tatu, hutia sahihi karatasi, na siku ya nne huitwa fundi. Koleo alipinga, akaambiwa hizo ni hadithi za kale. Akavimba. Waliosema picha zinatosha, alijiapia, wafundishe wao.

Aliyeangukiwa na kiapo hicho ni Kinyozi. Jina hilo lilitokana na kazi yake ya awali, kabla kibanda chake hakijabomolewa ili barabara ipanuliwe. Alikuwa na mke, watoto wawili na mama mkwe chini ya paa moja, na kazi hii alipewa kwa majaribio: akishindwa kubeba chungu siku ya nne, siku ya tano asingepita getini. Alimfuata Koleo kama kivuli, akimwuliza hiki na kile. Siku ya pili akamwahidi kwamba akimfundisha atamnyoa bure maisha yake yote. Koleo, ambaye kipara chake kiling'aa kama sufuria mpya, akamwuliza atanyoa nini, ngozi? Watu wakacheka. Kinyozi naye akacheka, lakini alichouliza hakujibiwa.

Siku ya nne msimamizi akawapanga pamoja, Kinyozi mbele, Koleo nyuma. Vilikuwa vyungu viwili vya kumimina kabla chuma hakijaanza kupoa na kuwa kizito. Wakainua cha kwanza. Joto likawapiga usoni, na Kinyozi alipogeuka kuongoza, likahamia mgongoni kwake.

Alianza vizuri. Kwenye hatua ya tano Koleo akagundua kosa. Kinyozi alikuwa akisikiliza viatu vya Koleo na kuvifuatisha, kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto. Kwenye zile picha za ukutani watu wawili walitembea kama askari wa gwaride, naye alitaka kufanya vyema. Hakuna aliyemwambia kwamba miguu ya wabebaji lazima ipishane, kwa sababu wakienda sawa chungu hubembea na chuma ndani yake huanza kupiga mawimbi. Maji yangemfundisha hilo asubuhi moja tu.

Koleo akabadilisha mguu. Kinyozi akasikia, akabadilisha naye. Koleo akabadilisha tena, Kinyozi akamfuata tena, kama mtoto anayeiga. Chuma kikaramba ukingo. Tone likaanguka kwenye saruji iliyonyunyiziwa maji asubuhi kuzuia vumbi, likapasuka kama risasi. Kinyozi akasimama kama aliyepigiliwa misumari.

Pale chungu hakiwezi kutuliwa. Tone moja lilikuwa limelia vile. Chungu kizima kikipinduka juu ya sakafu mbichi kingeondoka na miguu ya wote wawili. Msimamizi akaita kwa mbali kwamba waendelee. Wengine wakaita wasimame. Mabega ya Kinyozi yakaanza kutetemeka, na mtetemo ukapita kwenye vyuma vya kubebea mpaka mikononi mwa Koleo. Tone la pili likaruka, likaingia ndani ya kiatu chake.

Aliuma meno. Akipiga kelele, mwenzake ataachia. Alipopata sauti, ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Mwanangu, usisikilize miguu yangu. Miguu yangu si yako."

"Nakiachia, mzee."

"Hukiachii. Umeshika wembe kwenye shingo za watu miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Ukamkata nani?"

"Mmoja. Alipiga chafya."

"Mimi sipigi chafya. Anza na kulia, mimi naanza na kushoto. Hatua fupi. Twende."

Wakaenda. Mawimbi yakalala. Mama Mchanga, mtengeneza kalibu, aliwapokea akakwangua takataka juu ya chuma, nao wakamimina mpaka chungu kikabaki kitupu. Hapo ndipo Koleo alipokaa chini. Mama Mchanga akamkata kamba za kiatu. Juu ya mguu palikuwa na shimo jeusi kama punje ya harage.

Kinyozi akainama kuutazama ule mguu.

"Nimekuuliza siku tatu," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

Msimamizi alikuwa amefika, amesimama palepale, na Koleo alikuwa na maneno yake tayari ya kumtupia. Akayameza.

"Nilikuwa na ugomvi na wengine. Nikaumalizia kwako."

Msimamizi akaagiza Koleo apelekwe hospitali na Kinyozi akae pembeni, atatafutwa mtu mwingine wa chungu cha pili. Kila mtu alijua kukaa pembeni maana yake ni nini. Kinyozi hakusogea.

"Nitabeba," akasema. "Ila huyu mzee asiondoke kwanza. Na asinyamaze."

Msimamizi akaangalia tanuri, akaangalia saa. Chuma kilikuwa kinaanza kuwa kizito. Akasogea kando. Mama Mchanga akavaa glavu bila kuulizwa, akashika nyuma.

Koleo, mguu mmoja mtupu, akawasemesha. Aliwaambia pa kupunguza mwendo na pa kuvuta pumzi, akamkanya Kinyozi asikaze shingo, akamtania kwamba anatembea kama bwana harusi aliyebanwa na viatu. Kwenye hatua ya kumi jasho la maumivu likamwingia machoni, sauti ikakwama.

"Nakusikiliza, mzee," Kinyozi akasema bila kugeuka.

Koleo akaendelea.

Chungu kilipotuliwa kwenye kiti chake cha chuma, kitupu, Kinyozi akavua glavu, moja baada ya nyingine.

"Sasa mpelekeni hospitali," akasema.