Gazeti Lenye Jina la Mama

Niseme mwenyewe kabla majirani hawajanisemea: mimi ndiye niliyebeba sanduku zima la magazeti ya babu kutoka nyumbani kwetu Rusimbi hadi soko la Mwanga, nikampa mama muuza vitumbua ayatumie kufungia. Nikalipwa vitumbua. Nikavila vyote njiani, tena nikipiga mluzi.

Nilikuwa na sababu, na siku ile niliiona sababu ya kisomi. Mjomba alikuwa ametuma kishikwambi kutoka Dar ili babu asomee magazeti humo, maana macho yake yalishagoma herufi ndogo. Humo unazitanua kwa vidole viwili mpaka neno moja linajaa kioo. Babu alikipenda. Ila kila akitaka kufungua ukurasa alilamba kidole kwanza, kwa hiyo kioo kilikuwa na mate mengi kuliko habari. Nikamwambia, "Babu, hiki hakitaki mate." Akajibu, "Basi hakijawahi kusomwa vizuri."

Nikaona sanduku limemaliza kazi yake. Nikapiga picha kila gazeti, ukurasa wa mbele tu, nikazihifadhi kwenye kishikwambi. Za ndani nilizionea uvivu. Nani anasoma kurasa za ndani?

Sasa ndiyo nayakumbuka. Nikiwa mdogo, gazeti lilikuja na treni, limechelewa siku mbili tatu, habari zimechoka na safari kama abiria. Babu alilisoma kwa sauti barazani, na waliokuja kunywa kahawa wakabishania mechi iliyokwisha juzi kana kwamba bado kipa anaweza kujirekebisha. Wakimaliza, magazeti aliyoyapenda babu yaliingia sandukuni, na karatasi za mengine zilikuwa zangu. Nilifunikia madaftari, ndiyo maana daftari langu la hesabu lilikuwa na mshambuliaji anayeshangilia juu ya maksi za aibu. Zilizobaki zilifungia dagaa. Wino ulikaa vidoleni mpaka jioni, na mama alijua nani kagusa gazeti kabla babu hajalisoma. Kishikwambi hakimsemei mtu, na dagaa hakifungi.

Jumamosi moja asubuhi babu akaniita. "Bwana mdogo, kalete gazeti la mama yako."

"Lipi, babu?"

"Lenye majina. Nataka uniwekee humu, nilione jina lake kwa ukubwa. Kwa macho haya silioni tena."

Ndipo akanisimulia. Mama alipochaguliwa kwenda kidato cha tano, jina lake lilitoka gazetini pamoja na ya wenzake. Mwezi uleule bibi akaanguka akapooza, na mama ndiye aliyebaki kumuuguza. Shule yenyewe hakuiona hata geti. Barua ya kuitwa ilishapotea. "Lile gazeti," babu akasema, "ndilo pekee linalosema mama yako aliitwa."

Nikafungua picha zangu. Ukurasa wa mbele wa siku ile ulikuwepo, safi kabisa, unazungumzia mvua.

Nilikimbia hadi Mwanga. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema muuza vitumbua. "Umeleta mengine?"

"Nimekuja kuyachukua."

"Na vitumbua vyangu umekuja navyo?"

Akanisukumia yaliyobaki kwa mguu, nikapiga magoti nikachambua. Babu alikuwa ameniambia alipigia jina mstari wa penseli. Gazeti lenyewe nililiona, ila karatasi ya majina ya wasichana ilikuwa imenyofolewa. Nikageuka. Dereva wa bodaboda aliyeketi juu ya pikipiki yake alikuwa ameishika, ina vitumbua vitatu ndani.

"Dogo, mbona unanikodolea chakula?"

"Nataka karatasi tu, kaka. Wewe kula. Ila haraka kidogo."

Basi akala kama bibi harusi, kipande kwa kipande, huku akisoma. "Hawa wote walifaulu?"

"Walifaulu, kaka."

"Na wewe je, unafaulu?"

Nikanyoosha mkono kuomba karatasi. Akafuta vidole kwenye karatasi, upande wa majina, akanipa.

Mafuta yalikuwa yameifanya ing'ae hadi maandishi ya nyuma yakaonekana mbele. Lakini jina la mama lilikuwepo, na mstari wa penseli chini yake. Nilipofika nyumbani nikamwambia babu ukweli wote, nikalipiga jina picha, nikalitanua, nikamwekea babu mapajani. Alilitazama. Halafu akalamba kidole, akapitisha taratibu chini ya jina, kama anapiga ule mstari upya. Picha ikasogea, jina likatoka nje ya kioo. Nikamrudishia. Likatoka tena. Nikamrudishia.

Mama alikuwa uani anapasua samaki aina ya migebuka. Babu akamwita, akamweleza yote, hata vitumbua hakuviacha. Mama akanawa, akafuta mikono kwenye khanga. Kishikwambi hakukigusa. Alichukua karatasi yenyewe, akainusa, akaitazama mpaka nikatamani anichape tu yaishe. Kisha akanirudishia, akaketi kwenye kigoda, akasema:

"Miaka yote hii nilikuwa nanukia sanduku, leo nanukia kitumbua. Haya, nisomee kwa sauti kama babu yako alivyosoma siku gazeti lilipofika, majina yote, usiruke la mtu. Na ukifika langu, usilete mzaha wako."