Mkaguzi Anayeanzia Mwisho

Yule mkaguzi wa programu pale Mazwi husoma kazi ya mtu kuanzia mwisho, kama mama anayempekua nyuma ya masikio mtoto aliyeapa kwamba ameoga. Wilibrodi, ambaye kwa majigambo Ufipa nzima haina mwenzake, alimpelekea programu ya kuiwezesha kompyuta kusoma ujumbe unaopita kwenye nyaya za gari. Mkaguzi akiikataa, kazi ya miezi minne imekwenda na maji. Kidole chake kikapanda kwenye kioo, kila mstari na mguno wake. "Waya wa kuunga kompyuta na gari ukichomoka?" "Hakuna shida, dada. Nimejaribu mara mia." "Gari likiwa limewaka?" Bingwa wetu akashikwa na kikohozi.

Mkaguzi akatoka uani na kompyuta yake, akaiunga kwa waya na pikapu iliyoegeshwa hapo, akawasha gari, akauchomoa waya. Kompyuta ikaendelea kama kawaida. Wilibrodi akaruka kwa furaha; mkaguzi akaguna, akaurudisha, akauchomoa tena, na tena. Mara ya kumi na saba kompyuta ikaganda. Hapo ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akamsogezea Wilibrodi kiti. "Haya, kazi isiyo na kasoro huwa siiamini; sasa nimeanza kukuamini. Kaa hapa, tuutafute ugonjwa."